UZI: Kuunda na kurusha roketi ya seti huku Nyanda za Juu Kusini (mapezi, uzito, kiwashio, nyasi kavu)

#1 Seremala wa Anga

Wakuu, habari za jukwaani. Maswali ya roketi za seti yametawanyika kwenye nyuzi nyingi, tuyaweke hapa pamoja. Nazungumzia roketi ndogo za karatasi na mbao laini zinazotumia injini ya kununua yenye kipenyo cha milimita 18, ukubwa wa Alpha ya kampuni ya Estes ya Marekani na ndugu zake.

Msimamo wangu nauweka mapema: roketi inayoruka ovyo mara nyingi haina kosa la injini. Ina mkia mzito au mapezi yaliyokaa upande. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye mapezi, na rangi nitaipita.

Ndani ya seti kuna bomba la karatasi, pua ya plastiki, ubao wa balsa wenye mapezi, kibomba cha kushikia injini na ndoano yake ya chuma, pete za karatasi za kukiweka kibomba katikati, mpira wa elastiki, parachuti ya plastiki ya sentimita 30 hivi, na kimrija kidogo kinachopita kwenye fimbo ya kurushia. Gundi, msasa, wembe, injini na viwashio mara nyingi unajitegemea.

Anza na kibomba cha injini. Paka gundi nyeupe ya seremala ndani ya bomba kuu, sehemu pete zitakapokaa, kisha sukuma kibomba kwa mwendo mmoja hadi alama. Usisimame njiani kuangalia. Gundi nyeupe ndani ya karatasi inashika kwa sekunde chache, na ukisimama nusu, kimekaa nusu maisha yake yote. Weka alama kwanza kwenye kijiti cha kusukumia, ndipo upake gundi.

Mapezi sasa. Pima mzingo kwa kuzungushia bomba ukanda wa karatasi. Bomba la milimita 24.8 lina mzingo wa milimita 78, hivyo mapezi matatu yanaachana kwa milimita 26. Hamishia alama kwenye bomba, kisha lilaze kwenye kona ya fremu ya mlango na upitishe penseli ukifuata ukingo wa mbao. Mstari unatoka umenyooka kuliko wa rula, maana rula hubingirika na bomba.

Kata pezi nyuzi za mbao zikienda sambamba na ukingo wa mbele wa pezi. Zikikaa kinyume, pezi litakatika roketi ikigusa ardhi, tena linakatikia shinani. Piga msasa namba 220 kisha 400, ukingo wa mbele uwe wa mviringo na wa nyuma mwembamba. Ukingo unaogusa bomba usiuguse kabisa, uache bapa.

Kwenye bomba kwangua ule mng'ao wa karatasi pale mistari ilipo. Gundi haishiki kwenye mng'ao. Paka gundi kidogo kwenye pezi na kwenye bomba, acha dakika tano ianze kunata, paka tena nyembamba, bandika. Litashika lenyewe ndani ya nusu dakika. Angalia kwa nyuma, ukilielekezea jicho tundu la injini: mapezi yote yatoke katikati kama miale. Pezi moja likipinda hata nyuzi mbili tatu, roketi itazunguka kama pia na kupoteza kimo. Zikikauka, pitisha mchirizi wa gundi kila upande wa shina, laini kwa kidole, na ulaze roketi mchirizi ukiwa juu. Fanya upande mmoja mmoja. Ukifanya yote kwa pamoja huku umeisimamisha, gundi inashuka yote chini.

Kwa baridi ya Juni na Julai ya Mbeya, msiamini saa zilizoandikwa kwenye chupa ya gundi. Acha usiku kucha.

---

#2 kijana wa Kabwe

Mkuu uzi umesimama. Balsa ikivunjika, huku haipatikani. Tunaweza kukata mapezi kwenye paini ya Sao Hill? Mafundi Mwanjelwa wanapasua nyembamba tu ukiwaomba.

---

#3 Mwl_Fizikia_Iringa

Kijana, unaweza, lakini utalipa kwa uzito. Paini ina uzito wa karibu mara tatu ya balsa kwa ukubwa ule ule, na uzito huo unaukalisha mkiani kabisa, mahali pabaya kuliko pote.

Sababu ni hii. Roketi ina vitovu viwili. Kitovu cha uzito ni pale inapokaa sawa ukiiweka juu ya kidole. Kitovu cha upepo ni pale ambapo nguvu yote ya hewa ya ubavuni ni kama inasukumia. Cha uzito lazima kiwe mbele, kuelekea puani, kwa umbali wa kipenyo kimoja hadi viwili vya bomba. Kwa bomba la milimita 25, hiyo ni sentimita mbili na nusu hadi tano. Kikiwa nyuma ya kitovu cha upepo, roketi itageuka mara tu ikitoka kwenye fimbo, na huwezi kujua inaelekea kwa nani.

Bila kompyuta fanya hivi: laza roketi juu ya kadibodi, chora kivuli chake cha ubavuni pamoja na mapezi, kata, kisha sawazisha kile kipande kwenye ukingo wa rula. Mahali kinapotulia chukulia ndiyo kitovu cha upepo. Njia hii inakiweka mbele kuliko kilivyo hasa, kwa hiyo kosa lake liko upande wa usalama.

Kitovu cha uzito kipime roketi ikiwa na KILA KITU: injini mpya, karatasi za kuzuia moto (zinazokaa kati ya injini na parachuti), parachuti iliyokunjwa. Watu wanapima bila injini halafu wanashangaa. Injini ya C6 peke yake ina gramu 24 hivi, na yote iko mkiani.

Mfano wa hesabu. Roketi ina gramu 60, kitovu cha uzito kiko sentimita 24 kutoka ncha ya pua, nawe unakitaka kwenye 22.5. Utaongeza uzito ndani ya pua, sentimita 3 kutoka ncha. Zidisha 60 kwa 1.5, upate 90. Gawa kwa 19.5, yaani 22.5 toa 3. Jibu ni gramu 4.6. Bonge la plastisini la gramu 5 linamaliza kazi. Mizani ya sonara inasoma hadi sehemu ya gramu, muombe akupimie.

Kisha jaribu kwa kamba. Funga kamba ya mita 2 au 3 kwenye kitovu cha uzito, ishike kwa kipande cha selotepu, zungusha juu ya kichwa uwanjani. Pua ikitangulia, salama. Ikienda kinyumenyume au ubavu, ongeza uzito puani. Wengine wanapunguza mapezi ili kupunguza uzito wa mkia. Hao wanakisogeza mbele kitovu cha upepo pia, tatizo linabaki pale pale.

---

#4 Mnyalukolo

Kamwene wote. Kuongezea hapo kwa mwalimu: badala ya paini, manila mbili zilizogandishwa pamoja zinatosha kwa injini za A na B. Ukingo wa mbele weka kijiti cha mishikaki. Kandamiza chini ya vitabu vizito hadi zikauke, vinginevyo zinajikunja, na pezi lililojikunja linafanya kazi ya usukani. Mianzi ya ulanzi iliyochongwa nayo ni nyepesi na ngumu, ila mchongaji awe mvumilivu.

---

#5 Seremala wa Anga

Mnyalukolo umemaliza. Nirudi kwenye injini, maana herufi zinawachanganya watu.

Chukua C6-5. Herufi ni jumla ya msukumo: A inafika newtoni-sekunde 2.5, B inafika 5, C inafika 10. Kila herufi ni mara mbili ya iliyotangulia. Namba ya kwanza ni wastani wa nguvu kwa newtoni. Ya mwisho ni sekunde za kusubiri baada ya mafuta kuisha, kabla injini haijapiga pumzi ya mbele inayosukuma pua na parachuti nje. Ukikuta sifuri mwishoni, hiyo ni ya hatua ya chini ya roketi za hatua mbili. Haifungui parachuti. Usiiweke kwenye roketi ya hatua moja.

Kanuni ya haraka: nguvu ya injini iwe angalau mara tano ya uzito wa roketi. Gramu 100 ni kama newtoni 1, kwa hiyo C6 mwisho wake ni gramu 120 hivi. Zaidi ya hapo inatoka kwenye fimbo polepole, mapezi hayajapata upepo wa kushika, na upepo wa pembeni unailaza.

Safari ya kwanza tumia A8-3, si C6-5. Itapanda karibu mita 100, mtaiona mwanzo mwisho na mtaipata.

---

#6 mama wa Uyole

Samahanini, hizo injini mwanangu anaweza kuletewa na mjomba wake kwenye begi akirudi kutoka nje? Au kuna mtu anayezitengeneza hapa?

---

#7 Mwl_Fizikia_Iringa

Dada, kwenye begi hapana, liwe la mkononi au la chini. Injini hizi ni bidhaa za milipuko, mashirika ya ndege hayaruhusu abiria kuzibeba. Seti tupu bila injini na bila viwashio haina shida, abebe. Injini zinasafiri kama mzigo wa hatari uliotangazwa, na kwa hapa nchini mambo ya baruti yako chini ya Wizara ya Madini, kwa hiyo kibali kitangulie. Njia nzuri ni shule au chuo kuomba kama taasisi badala ya mzazi mmoja mmoja.

Kutengeneza nyumbani, HAPANA, na hapa naandika kwa herufi kubwa makusudi. Orville Carlisle na G. Harry Stine walipoanzisha mchezo huu Marekani mwaka 1957, jambo lenyewe walilotaka kuliondoa ni vijana kuchanganya dawa na kujaza mabomba, wakapoteza vidole na macho. Injini ya kiwandani ina ganda la karatasi. Ikipasuka inatawanya karatasi. Bomba la chuma linatawanya chuma. Mwenye nia ya kuuliza mchanganyiko, asiulize kwenye uzi huu.

---

#8 kijana wa Kabwe

Basi wakati tunasubiri vibali, roketi ya maji inafundisha yale yale?

---

#9 Mnyalukolo

Inafundisha vitovu, mapezi na parachuti, yote isipokuwa kuwasha. Tumia chupa ya SODA ya lita 1.5 au 2. Chupa ya maji ya kunywa usiiguse, plastiki yake ni nyembamba, haikutengenezwa kubeba presha ya gesi. Maji theluthi moja, pampu ya baiskeli yenye geji, ishia baa 4. Mdomo wa chupa ndani una milimita 21.7 hivi, kwa hiyo bomba la PPR la milimita 20 linaingia, na pete ya mpira inaziba. Gundi ya moto na supa gluu zisiguse ubavu wa chupa, zinaudhoofisha. Mapezi yashike kwa selotepu pana. Chupa iliyokunjamana au kupata ukungu mweupe, tupa. Anayepiga pampu akae mbali kwa mpira mrefu, na kamba ya kuachia iwe ndefu vilevile.

---

#10 Waya Mmoja

Naona hakuna aliyegusa kiwashio, na kwenye uwanja ndicho kinachosumbua kuliko vyote. Unahesabu tatu, mbili, moja, halafu kimya.

Sababu ya kwanza: ncha ya kiwashio haijagusa mafuta. Sukuma hadi ikome, ndipo uzibe kwa kile kizibo cha plastiki chenye rangi. Ikiwa imebaki pengo la milimita mbili tu, itawaka yenyewe na kuzimika.

Sababu ya pili: miguu ya kiwashio inagusana, au klipu zinagusana, au zinagusa bati la kukinga moto. Umeme unapita njia fupi. Panua miguu, klipu moja ielekee kushoto na nyingine kulia.

Sababu ya tatu: klipu zimeshika masizi ya safari iliyopita. Futa meno kwa msasa kila baada ya kurusha.

Sababu ya nne ni betri. Zile ndogo nne zikiwa zimechoka, taa inawaka lakini kiwashio hakipati joto, kwa sababu taa inataka umeme kidogo mno. Betri ya pikipiki ya volti 12 inaondoa shida hii. Waya uwe wa mita 5 au zaidi hadi injini za D, na mita 9 kwa kubwa zaidi. Lazima pawe na ufunguo wa usalama unaotoka kabisa, na anayefunga klipu ndiye awe nao MFUKONI. Swichi ya kubonyeza iwe ya kurudi yenyewe, kama ya kengele ya mlangoni. Ya taa ya nyumbani inabaki imewashwa, na yule anayekwenda kufunga klipu ndiye atakayeungua.

Ikigoma: toa ufunguo, hesabu sekunde 60, ndipo usogee. Si 20.

---

#11 Seremala wa Anga

Hapo kwenye fimbo nako watu wanakwama. Inatakiwa chuma cha milimita 3.2, urefu sentimita 90. Elektrodi ya kuchomelea ya 3.2 ukiigonga ganda lake inaingia vizuri kwenye kimrija, lakini urefu ni sentimita 35, roketi inatoka kabla haijapata mwendo. Ulizia fimbo za kuchomelea kwa gesi, zile zenye rangi ya shaba juu. Zipo za milimita 3.2 na urefu wa mita moja. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Usiilaze zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima. Na ncha ya juu iwekee kizibo mpaka dakika ya kurusha, mtu akiinama kufunga klipu jicho lake liko pale pale.

---

#12 mama wa Uyole

Asanteni sana, ndaga fijo. Karatasi za kuzuia moto zikiisha, za chooni zinafaa?

---

#13 Mwl_Fizikia_Iringa

Hazifai. Zile za dukani zimetiwa dawa, zinaungua bila kushika moto. Karatasi ya chooni inatoka ikiwa kaa jekundu, inaelea na upepo, inatua kwenye nyasi. Kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi za huku ni petroli. Mbadala ni majani mabichi: jani la kabichi lililochanwa, lijaze urefu wa vipenyo viwili vya bomba, liwekwe dakika chache kabla ya kurusha ili lisilowanishe karatasi ya bomba. Lina maji, haliwaki.

Chini ya fimbo palimwe au pamwagiwe maji, upana wa mita 3 kuvuka. Ndoo mbili za maji na matawi mabichi yawe karibu, na mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia chini wakati wengine wote wanaangalia juu.

---

#14 Mnyalukolo

Mwalimu, na huu mwinuko wetu? Kuna wanaodai roketi huku zinapanda zaidi ya Dar.

---

#15 Mwl_Fizikia_Iringa

Ni kweli, ila faida ina gharama yake. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Ukinzani unapungua, roketi inapanda zaidi na kuteleza juu kwa muda mrefu zaidi. Ukiwa kati ya kusubiri sekunde 3 na 5, hilo linakusogeza kwenye 5 kwa roketi nyepesi. Hata hivyo parachuti nayo inashika hewa hiyo hiyo nyepesi, inashuka kwa kasi zaidi kwa kama asilimia 8. Si ya kuogopesha. Vern Estes mwenyewe alianzia kazi hii Denver mwaka 1958, mji wenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, sawa na Iringa tu.

Kinachopoteza roketi huku ni upepo. Piga hesabu: roketi ya gramu 45 chini ya parachuti ya sentimita 30 inashuka karibu mita 4 kwa sekunde. Kutoka mita 300 ni sekunde 75. Upepo wa mita 5 kwa sekunde utaipeleka mita 375. Kwa A8-3 kutoka mita 100, inahama mita 125. Makambako, kunakojulikana kwa upepo, hata hiyo ni nyingi. Rusheni asubuhi kabla ya saa tatu. Mashamba ya mpunga ya Usangu yakishavunwa ni tambarare na mapana, ila mabua makavu ni yale yale ya moto. Upepo ukizidi kidogo, zifunge kamba zote za parachuti kwa selotepu katikati ya urefu wake; haitafunguka yote na itashuka haraka. C6 inataka uwanja wa mita 120 kila upande kwa uchache, A inatosheka na mita 30.

Uwanja wa ndege wa Songwe na wa Nduli mkae mbali navyo, na anga lenyewe ni la TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), waandikieni kabla. Serikali ya kijiji nayo ijue.

---

#16 kijana wa Kabwe

Swali la mwisho kwangu. Parachuti inatoka lakini haifunguki, inashuka kama kitambaa kilichosokotwa.

---

#17 Seremala wa Anga

Baridi hiyo. Plastiki ikilala imekunjwa usiku mzima inashika mkunjo. Usiikunje nyumbani, ikunje uwanjani, na uipake poda ya mtoto kabla ya kuikunja. Kamba zisizungushwe kwa kubana. Mizunguko miwili mitatu legevu inatosha. Halafu jaribu kabla ya kuweka injini: puliza kwa mdomo kutoka mkiani. Pua na parachuti vitoke kwa pumzi moja. Pua ikigoma, piga msasa shingo yake. Ikiwa imelegea hadi inadondoka ukiigeuza roketi, zungusha kipande cha tepu ya karatasi. Na injini msiziache kwenye gari linaloiva juani mchana na kugandishwa usiku. Baruti iliyobanwa ndani inapata nyufa, ikiwashwa inaungua yote kwa mkupuo na kupasua roketi.

---

#18 Waya Mmoja

Kimo mpime badala ya kubishana. Simama mita 100 kutoka kwenye fimbo, ukiupa upepo ubavu. Protrakta yenye uzi na nati, na mrija wa soda wa kulengea. Roketi ikifika kileleni bana uzi kwa kidole. Nyuzi 45 kutoka usawa wa ardhi ni mita 100, nyuzi 55 ni 143, nyuzi 60 ni 173. Ongeza kimo cha jicho lako. Kumbuka uzi unasoma 90 mrija ukiwa umelala, kwa hiyo toa namba unayoisoma kwenye 90. Wapimaji wawili kwa pande mbili wakipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi, futeni mrushe tena.